Kigongeo cha mlango: chagua na ufunge kinachosikika hata mvua ikipiga bati

Mgeni anapiga hodi, mvua inapiga bati, na wewe uko chumba cha nyuma husikii kitu. Wakazi wa Lushoto wanalijua hili vizuri, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei. Mgeni wa kawaida ataondoka arudi kesho. Lakini jirani aliyekuja saa nane usiku kuomba msaada wa kumpeleka mgonjwa hospitali hawezi kusubiri kesho.

Kengele ya umeme inasaidia, mpaka umeme ukatike. Kigongeo, yaani kile chuma kinachofungwa mlangoni ili mgeni agonge, hakihitaji umeme wala betri. Kazi yake ni moja tu: kusikika. Wengi hukinunua kwa kuangalia urembo, halafu wanashangaa mbona watu bado wanapiga mlango kwa ngumi. Soma haya kwanza kabla hujatoa hela.

Mgeni anaishia wapi?

Nyumba nyingi zina mlango wa mbao ndani na grili ya chuma nje. Usiku grili inafungwa kwa kufuli. Sasa ukifunga kigongeo kizuri kwenye mlango wa mbao, mkono wa mgeni hautakifikia. Atachukua lile kufuli na kuligongesha kwenye grili kama kawaida.

Kwa hiyo simama nje usiku, kila kitu kikiwa kimefungwa, uone mgeni anaishia wapi. Hapo ndipo pa kufunga kigongeo. Kama ni geti la uani lililo mbali na nyumba, kigongeo peke yake hakitatosha. Mpe mgeni na namba ya simu.

Sikiliza kabla ya kununua

Kigongeo kamili kina sehemu tatu: bamba linalokaa mlangoni, pete au mkono unaonyanyuliwa, na kitako kidogo ambacho mkono unakipiga. Hicho kitako usikidharau. Chuma kikipiga chuma, sauti inakuwa kali na inapenya kwenye kelele ya mvua. Chuma kikipiga mbao, sauti ni nzito na fupi, rahisi kumezwa na mvua. Tena mbao inabonyea, vanishi inabanduka na maji yanapata njia.

Dukani, bana bamba kwenye kaunta kwa mkono mmoja, ugonge kwa mwingine. Angalia pia kama mkono unacheza kushoto na kulia. Ukicheza sana, utalia wenyewe kila upepo ukivuma. Kwa mlango mzito wa mbao, chenye uzito wa nusu kilo hadi kilo moja kinafaa.

Kipi kinafaa hewa ya milimani?

Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukungu na unyevu ni wa kawaida, na Juni hadi Agosti baridi inauma. Chuma cha kawaida kisichopakwa rangi hakichukui muda kushika kutu.

• Shaba ya njano, ile ya vitufe vinavyong'aa kwenye milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe Zanzibar. Haishiki kutu, ila inafifia rangi na inataka kusuguliwa. Bei yake iko juu, na wezi wa vyuma chakavu wanaipenda.

• Stenlesi. Haina kazi nyingi, inafutwa tu kwa kitambaa.

• Chuma cha fundi wa kuchomelea. Pete ya nondo ya milimita 10 au 12 pamoja na bamba, fundi anatengeneza hapo hapo. Ni rahisi na ina sauti kali. Ipakwe rangi ya kuzuia kutu kwanza, kisha rangi ya juu.

Ukikosa unachotaka madukani Lushoto, uliza Tanga mjini au agiza Kariakoo, mzigo uje na basi.

Mbao nazo zina tabia zao

Mbao za mkaratusi na nyingine zenye asili ya ukakasi zikikutana na chuma na maji, hutoa michirizi myeusi isiyotoka. Ukakasi huo ni wa aina ile ile iliyomo kwenye maganda ya miwati, yanayotumika kulainisha ngozi. Mlango wako ukiwa wa mbao kama hizo, tumia kigongeo na skrubu za shaba au stenlesi.

Kigongeo cha shaba nacho kifungwe kwa skrubu za shaba au stenlesi. Ukichanganya na skrubu za chuma, kwenye unyevu chuma kitaliwa haraka na skrubu zitalegea.

Mlango wa paneli una sehemu nene na sehemu nyembamba. Funga kwenye ubao mnene wa katikati, usifunge kwenye paneli nyembamba, itapasuka. Mlango wa flashi, wenye uwazi ndani, unataka kigongeo chepesi na bolti inayotokea upande wa pili, na washa pana nyuma ili usibonyee.

Urefu gani?

Kwa mtu mzima anayesimama, sentimita 140 hadi 150 kutoka chini ni sawa. Nyumbani kukiwa na watoto, wazee walioinama au mtu wa kiti cha magurudumu, shusha hadi sentimita 100 mpaka 120.

Huku milimani kuna jambo la kuzingatia. Nyumba nyingi zimejengwa kwenye mteremko, na mlangoni kuna ngazi. Usipime kutoka kizingiti, pima kutoka pale mgeni anaposimama. Akisimama ngazi moja chini, kigongeo cha sentimita 150 kinaweza kumfika juu ya kichwa. Kama kuna kitundu cha kuchungulia, kigongeo kikae chini yake ili mkono wa mgeni usizibe unachotaka kuona.

Kufunga, hatua kwa hatua

Andaa futi kamba, penseli, pima maji, drili, bisibisi, spana namba 10, na bolti mbili za milimita 6 zenye nati na washa. Kwa mlango mnene, bolti ni bora kuliko skrubu, maana nati zinakaa ndani na mtu wa nje hawezi kukifungua. Urefu wa bolti uwe unene wa mlango pamoja na sentimita moja na nusu hivi.

1. Chora mstari wa katikati ya mlango, weka alama ya urefu.

2. Bandika plasta ya karatasi, ile ya wapaka rangi, ili vanishi isibanduke. Weka bamba, nyoosha kwa pima maji, chora matundu.

3. Fungua mlango, uone upande wa ndani tundu litatokea wapi. Lisiguse kitasa wala komeo.

4. Toboa taratibu, drili ikiwa imenyooka. Biti ikianza kuchungulia upande wa pili, acha, malizia kutoka upande huo. Ukisukuma moja kwa moja mbao itachanika.

5. Paka vanishi ndani ya matundu, iache ikauke. Wengi wanairuka hatua hii, halafu masika maji yanaingia na mbao inavimba.

6. Pitisha bolti, weka washa na nati, kaza kwa kiasi. Usikaze mpaka bamba lizame kwenye mbao.

7. Kitako kikiwa kipande cha peke yake, kifunge mwisho. Shusha mkono wa kigongeo, weka alama pale unapogusa, ndipo utoboe.

Ukitumia skrubu za shaba, kumbuka zinakatika kirahisi. Toboa kwanza tundu dogo kuliko skrubu, ingiza skrubu ya chuma ya saizi ile ile ifungue njia, itoe, kisha weka ya shaba iliyopakwa sabuni kidogo.

Kwenye grili na mlango wa chuma

Kigongeo cha chuma kichomelewe kwenye bomba la fremu, si kwenye bati jembamba la mlango. Bati litalia mlio wa kupasuka na baada ya muda litabonyea. Ukichomelea, rangi ya hapo inaungua, kwa hiyo safisha na upake upya siku hiyo hiyo. Cha shaba kifungwe kwa bolti, na kati ya shaba na chuma weka kipande cha mpira.

Fanya jaribio

Mtu mmoja aende chumba cha mbali kabisa, afunge mlango, awashe redio kwa sauti kubwa iwe badala ya mvua. Wewe gonga mara tatu. Asiposikia, bado kazi haijaisha: ongeza uzito wa mkono, au hamishia kitako kwenye chuma kinene zaidi.

Hodi bado ni hodi

Katika miji ya zamani ya Iran, kama Yazd, milango mingi ina vigongeo viwili: kizito chenye sauti nene kwa wanaume, na cha pete chenye sauti nyembamba kwa wanawake. Aliye ndani anajua nani aende kufungua. Kwetu kazi hiyo inafanywa na mdomo: "Hodi wenyewe, ni mimi jirani yenu." Kigongeo kinakuita tu, hakikwambii ni nani. Kwa hiyo mgeni agonge, kisha apige hodi na kujitaja. Na wewe wa ndani, hasa usiku, uliza kwanza ndipo ufungue. Mgeni akigonga na kupiga hodi mara tatu bila kujibiwa, ustaarabu ni kuondoka, isipokuwa kuna dharura.

Matunzo

Mbao huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, ndiyo maana nati hulegea. Kaza mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake. Tia tone la mafuta kwenye pini ya mkono. Ukiona kutu, piga msasa na upake rangi mapema, kabla haijatiririka mlangoni.