Ushenzi Katika Sentensi ya Howard

Kuna sentensi za Robert E. Howard ambazo wapenzi wa hadithi za mapanga na uchawi wanazijua kwa ghibu, hata wale wasiowahi kushika toleo la Weird Tales, jarida la bei rahisi lililomchapisha. Inayonukuliwa zaidi imo mwishoni mwa “Beyond the Black River”, hadithi iliyotoka Mei na Juni 1935. Wengi huiweka kinywani mwa Conan. Siye. Anayeisema ni mtu wa mpakani asiyepewa hata jina, kilabuni, vita vikiisha, huku akimkazia Conan macho. Kwa maneno yangu: binadamu hakuumbiwa mji, mji ulitokea tu, na siku moja pori litaurudia.

Lakini Howard hakuandika “mji” na “pori”. Alitumia maneno mawili ambayo kamusi zetu hutafsiri “ustaarabu” na “ushenzi”, na hapo ndipo ninapokwama kila nikijaribu kuigeuza.

Yeye aliyapata Texas. Alizaliwa mwaka 1906, miaka 31 tu baada ya Wakomanchi wa Quanah Parker kusalimu amri Fort Sill, akakua akisikia hadithi za mipaka na mauaji. Mafuta yalipogunduliwa karibu na Cross Plains, mji wao mdogo, aliona pesa za ghafla zinavyowafanya watu. Kuanzia 1930 alibishana kwa barua na H. P. Lovecraft: mwenzake akitetea ustaarabu, yeye akimtetea mshenzi. Na ustaarabu wenyewe haukumlipa. Mei 1935, mwezi hadithi hiyo ilipoanza kutoka, alimwandikia mhariri Farnsworth Wright akidai zaidi ya dola 800 za kazi zilizokwisha kuchapishwa. Mama yake alikuwa na kifua kikuu. Matibabu yalikula kila senti.

Kwa hiyo kwa Howard “ushenzi” ni nusu sifa. Kwetu hauna sifa yoyote. Kustaarabu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kuwa kama Mwarabu. Mwambao wa karne ya 19 ulimjua mwungwana wa mjini na mshenzi wa bara, na huyo wa bara ndiye aliyefungwa minyororo akashushwa hadi sokoni Unguja. Wajerumani walilikuta neno, wakaliandika Schensi, wakawaita hivyo wenyeji. Leo dereva wa daladala akikuita mshenzi, hakusifii nguvu za Conan.

Naipenda hadithi hii kuliko zote za Conan, kwa sababu haidanganyi kuhusu ardhi. Walowezi wa Aquilonia wamevuka kuingia nchi ya Wapikti, na Conan mwenyewe anaiona tamaa hiyo kuwa upumbavu. (Howard huyohuyo, ambaye hakufika Afrika, aliiandika Afrika ya Solomon Kane kwa dharau ya rangi isiyofichika.) Hata hivyo sentensi ile maarufu inasemwa na mlowezi. Wapikti hawakuulizwa.

Tarehe 11 Juni 1936, mama akiwa mahututi, Howard alijipiga risasi. Alikuwa na miaka 30, na jarida bado lilikuwa na deni lake.

Katika rasimu yangu nimeacha “ushenzi”. Pembeni, kwa penseli, nimeandika “watu wa bara”.