Mpiganaji mwenye uchawi (michezo ya kuigiza wahusika)

Mpiganaji mwenye uchawi ni mhusika anayeunganisha silaha na uchawi katika michezo ya mezani kama Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Tangu toleo hilo la kwanza, jamii ya elfi (viumbe wa kubuniwa, elf kwa Kiingereza) iliruhusiwa kupigana na pia kutumia uchawi. Baadaye wachezaji wengi walianza kujitungia aina zao za wahusika wa namna hii.

Ugumu wa kuzitunga uko kwenye mizani. Katika toleo la 2014 la mchezo huo, mchawi anayefika ngazi ya 5 hupata uchawi wa daraja la 3, ukiwemo mpira wa moto unaorushiwa dadu 8 za pande sita. Mpiganaji wa ngazi hiyohiyo hupata pigo la pili kila zamu. Mtunzi akimpa mhusika mmoja vyote viwili kwa ukamilifu, wenzake mezani watabaki watazamaji. Ndiyo maana paladini, shujaa wa kiapo mwenye mapigo mawili tangu ngazi ya 5, husubiri uchawi wa daraja la 3 hadi ngazi ya 9.

Kasoro nyingine, na hii husahaulika mno, ni zamu yenyewe: mchezaji huchagua upanga au uchawi, na hapo muungano unapotea. Eldritch Knight, tawi la mpiganaji linalotumia uchawi, hutatua hilo katika ngazi ya 7 ya toleo la 2014: akitumia uchawi mdogo, huruhusiwa kupiga pigo moja la silaha katika zamu hiyohiyo. Mtunzi mpya aanzie hapo, kisha aijaribu kazi yake mezani kabla ya kuongeza nguvu yoyote.