Jani Lililoulizwa Sukari Likajibu Damu

Ua hili unalijua hata kama jina lake hulijui. Lina petali tano, za waridi au nyeupe, na kajicho katikati. Huota kando ya kuta, makaburini, hata kwenye kopo la maziwa uani kwa jirani. Kwao ni Madagaska, na wataalamu huliita Catharanthus roseus.

Mwaka 1952 daktari mmoja wa Jamaika alituma Kanada bahasha yenye majani yake. Wenyeji wake waliyachemsha kama chai, eti yanatuliza kisukari. Bahasha ikamfikia Robert Noble wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, mjini London (ile ya Kanada, msije mkadhani ya Uingereza). Akawanywesha panya. Wapi! Sukari haikushuka hata kidogo. Akawadunga sindano, panya wakafa kwa vijidudu ambavyo mwili mzima ungevishinda. Kumbe chembe zao nyeupe za damu zilikuwa zimepukutika na uboho umeharibika.

Mwingine angetupa majani jalalani. Noble akajiuliza: kinachofuta chembe nyeupe, kitafanya nini kwa lukemia, ambayo ni chembe hizohizo zikizaana bila breki? Mkemia Charles Beer akaingia kazini, wakaitoa vinblastini, na mwaka 1958 wakautangazia ulimwengu. Kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, iliyoanza nayo kwa swali lilelile la kisukari, ilikuwa imeona panya wenye lukemia wakiishi zaidi. Ikampata ndugu yake vinblastini, vinkristini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1963.

Sasa inauaje? Seli ikitaka kugawanyika hujijengea nyuzi za protini iitwayo tubulini. Nyuzi hizo ndizo huvuta kromosomu, nusu huku, nusu kule. Vinkristini huing'ang'ania tubulini, nyuzi zisijengeke. Kromosomu ziko tayari, mvutaji hayupo. Seli inakwama mlangoni, haiingii haitoki, mwisho inawasha mitambo yake yenyewe ya kujiua. Seli za lukemia, zenye haraka ya kugawanyika, hunaswa zaidi.

Lakini neva nazo zinahitaji nyuzi hizo, ndiyo maana mgonjwa hufa ganzi vidoleni na choo kikagoma. Dawa hii huingizwa kwenye mshipa wa damu tu. Ikikosewa ikaingia kwenye maji ya uti wa mgongo, huua. Kwa hiyo anayekuuzia majani haya kituo cha basi akuambie kipimo chake! Mamia ya kilo za majani makavu hutoa gramu moja hivi ya vinkristini. Chai ya bibi haifiki huko.

Hata hivyo bila chai ya bibi, bahasha isingetumwa. Leo, vinkristini ikichanganywa na dawa nyingine, katika nchi tajiri watoto wapatao tisa kati ya kumi wenye lukemia ya kawaida ya utotoni hupona. Kabla ya dawa hizi wengi walizikwa katika miezi michache. Na malipo je? Mmea wa Madagaska, chai ya Jamaika, maabara ya Kanada, faida Indianapolis. Mkataba wa Rio kuhusu mali ya mimea na haki ya wenye nayo ulitiwa saini mwaka 1992, vinkristini ikiwa sokoni miaka 29.