Waya wa Pili wa Peugeot 504

Jumamosi iliyopita sikugusa kompyuta. Nilikuwa nimelala chini ya Peugeot 504 ya mjomba wangu hapa Kisumu, mkononi nina mita ya umeme. Gari limenizidi umri, na lilikuwa na ugonjwa ambao sisi waandishi wa programu tunauogopa kuliko yote: ule unaokuja na kuondoka. Asubuhi linawaka mara moja. Mchana, "tik", basi. Ukiita fundi, linawaka mbele yake kana kwamba linakucheka.

Mjomba alikuwa ameshanunua betri mpya, kisha stata mpya. Halafu likagoma kuwaka Kombewa, nyanya akiwa ndani, naye hulitegemea kwenda kliniki kila Jumatano. Mjomba akaapa kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikamwomba wikendi moja tu.

Kabla sijasema tulichokuta, turudi nyuma kidogo, maana kosa hili lina historia ndefu.

Kuokoa nusu ya waya

Mwaka 1838 huko Munich, Carl August von Steinheil aligundua kwamba telegrafu haihitaji nyaya mbili. Mmoja unatosha, umeme unarudi kupitia ardhini. Watengenezaji wa magari nao walipiga hesabu kama hiyo: waya mmoja upeleke umeme kwenye taa, na bodi ya chuma iurudishe kwenye betri. Shaba ni ghali, bodi ipo tayari.

Ujanja mzuri, lakini uliacha deni. Kila boliti inayounganisha betri, bodi na injini ikawa sehemu ya saketi. Injini imekalia mipira, kwa hiyo inahitaji mkanda wake wa waya wa kuiunganisha na bodi. Kutu ikiingia hapo, nusu ya saketi inaumwa, na wewe unakagua ile nusu nyingine yenye rangi nyekundu.

Magari mengi ya zamani yalitumia volti 6. Katika miaka ya 1950 watengenezaji wengi wakahamia volti 12. Kwa kazi ileile mkondo ukapungua nusu, na nishati inayopotea kwenye kiungo kibovu ikashuka hadi robo. Tatizo likapungua. Halikuisha.

504 kwetu

504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968. Mwaka huohuo mtangulizi wake, 404 ya Nick Nowicki, ilishinda Safari Rally ambayo magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1975 Ove Andersson akashinda kwa 504, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 ya V6. Ikaunganishwa hapa Kenya, na zile za safu tatu za viti zikabeba abiria kati ya Nairobi na Kisumu. Sifa yake ilikuwa ugumu. Lakini rali hupima springi na injini kwa siku chache. Haipimi boliti iliyokaa kwenye unyevu wa ziwa kwa zaidi ya miaka 30.

Sisimizi na lori

Nilianza kama nilivyofundishwa chuoni. Nikapima ukinzani wa ule mkanda. Mita ikasoma karibu sifuri. Safi! Fundi mmoja mzee kutoka Kibuye, rafiki ya mjomba, alikuwa ameketi kivulini akinitazama. Akacheka.

"Kijana wangu, unapima daraja kwa kupitisha sisimizi. Pitisha lori."

Alikuwa na maana hii: mita ikipima ukinzani hupitisha mkondo mdogo mno, ilhali stata huvuta zaidi ya ampea 100. Nyuzi chache zilizobaki zinamtosha sisimizi.

Akaniambia nigeuze mita isome volti, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, kisha mjomba apige stata. Njia nzima ingesoma sehemu ndogo ya volti. Sisi tulisoma 4. Fanya hesabu: ukinzani wa ohm 0.04 tu, ukipitisha ampea 100, unakula volti 4.

"Sasa shika waya wa choki."

Nikashika, nikaruka. Moto! Umeme ulikosa njia yake, ukarudi kwa kuchepuka humo.

Tulipofungua mkanda, kwa nje ulikuwa mzima. Ndani ya kichwa chake, unga wa kijani. Injini ikipata joto, kiungo kinazidi kulegea. Mkanda mpya, msasa na grisi havikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya ile betri.

Utasema magari ya leo yana kompyuta. Kweli, Bosch walitangaza mtandao wa CAN mwaka 1986, na siku hizi gari hukutajia kosa lenyewe. Lakini hukutajia panapouma. Sensa yenye kiungo kibovu cha bodi huripotiwa kuwa mgonjwa ni yeye. Hata kwenye programu, mstari ulioanguka si lazima uwe ndio uliokosea. Nami nimewahi kupima seva usiku, haina mtumiaji hata mmoja, nikaandika: iko sawa. Sisimizi alikuwa amepita.

Jumatano nyanya alifika kliniki na kurudi. Stata ya zamani bado iko kwenye boksi uani. Tuliipima. Nzima kabisa.