Buni ya Ng'ambo, Karafuu ya Pemba

Msafiri anayeshuka bandarini Mkoani na kupanda gari kuelekea Chake Chake, Wete na Konde hupita mikarafuu, minazi na mabonde ya mpunga. Shamba la chai halioni, wala la mibuni. Pemba haikupata kuwa nchi ya mazao hayo. Hata hivyo, ni pahala pachache katika pwani yetu ambapo kuonja kahawa na chai kuna raha kama kisiwani humu, kwa sababu kila kinachotiwa kikombeni kilikuja kwa njia yake, na ukizifuata njia hizo utaijua Pemba.

Kahawa ndiyo kongwe. Katika karne ya 15, masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa ili wapate kukesha katika zikri, na baadaye bandari ya Mocha ikapata jina duniani kwa buni. Majahazi ya kaskazi yaliyotoka Arabuni kuja Mombasa, Pemba na Unguja yalileta bidhaa, masheikh na mazoea ya kuishi kwa pamoja. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja, adabu ya kahawa ya Oman iliingia naye kasrini. Binti yake, Sayyida Salme, anaisimulia katika kumbukumbu alizochapisha Ujerumani mwaka 1886: kahawa huandaliwa baada ya chakula, katika vikombe vidogo. Lakini kasri halikuifikisha kahawa mitaani. Katika mji wa Unguja walioitembeza walikuwa Washihiri, watu wa Hadhramaut, dele mkono mmoja na vikombe vikigonganishwa mkono wa pili. Historia zetu zinawataja masultani kwa kirefu na wauza kahawa kwa mstari mmoja, naamini tumewapunja.

Barazani Wete au Chake, jioni, utaikuta kahawa hiyohiyo. Buni hukaangwa hadi ikawa nyeusi, ikatwangwa, ikachemshwa kwenye dele juu ya mkaa. Wako wanaotia iliki, wako wanaopenda tangawizi kavu. Sukari haitiwi, na uchungu huo ndio unaoidai halua: wanga, sukari, samli, iliki na kungumanga, vikikorogwa motoni kwa muda mrefu mpaka mkono uchoke. Halua nayo asili yake ni Oman. Kwenye maulidi na harusi viwili hivi havitengani. Mgeni asiinywe kahawa hii kwa haraka. Atoe salamu, akae, aulizwe atokako. Kikombe cha pili huja na mazungumzo, na ndicho kitamu zaidi. Usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe, baraza hukaa hadi saa nyingi.

Atokaye Bukoba ataijua buni asiijue kahawa ya namna hii. Kwao Kagera, Wahaya walikuwa wakiichemsha buni kwa majani ya miti, wakaikausha na kumkaribisha nayo mgeni aitafune, zamani kabla ya kuwa zao la kuuza Ulaya. Kilimanjaro buni ilikuja na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19.

Chai ni mgeni wa juzi. Limuru, Kenya, ilipandwa mwaka 1903. Tanganyika biashara yake ilianza kushika miaka ya 1920. Maziwa na viungo ndani ya sufuria moja ni mapishi tuliyoyazoea kwa Wahindi. Ila hapa Pemba chai haikuwa ya kupokea tu, maana karafuu ilikuwa mlangoni.

Na karafuu hiyo ina machungu yake. Sayyid Said aliieneza, na mashamba yakalimwa kwa jasho la watumwa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo uzito wa zao ukahamia huku. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wachumaji wa kulipwa wakawa wakivuka bahari kutoka kusini mwa Unguja kila msimu. Wapemba wenyeji nao walikuwa na mikarafuu yao, na hilo liliipa jamii ya huku sura tofauti na ya Unguja. Craster, mwanajeshi Mwingereza aliyekuja kupima ramani, alipochapisha kitabu chake mwaka 1913 alikiita kisiwa hiki kisiwa cha viungo.

Mchumo haujabadilika sana. Watu hupiga dago mashambani. Mchana hukwewa miti, usiku mavuno huchambuliwa, karafuu huku na makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, na birika la chai ya rangi halikosekani karibu. Mimi naiona chai hiyo kuwa bora kuliko ya maziwa ya mjini: mdalasini, iliki na karafuu mbili tatu, zaidi ya hapo ulimi hufa ganzi.

Ipo pia ile isiyo na jani la chai hata moja, ya mchaichai uliochumwa uani. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, karibu na Chake Chake, hutoa mafuta ya mchaichai, pamoja na ya makonyo ya karafuu na ya majani ya mdalasini. Msafiri akitembelee asubuhi, anuse mafuta hayo, kisha mchana aagize chai ya mchaichai mkahawani Chake, bila maziwa, na sukari aiombe pembeni.