Mboga za Chungu cha Jioni

Wanahistoria wa pwani ya Afrika ya Mashariki wamejaza kurasa nyingi kwa habari za pembe, karafuu, utumwa na majahazi. Habari za chungu kilichotokota jikoni wakati wa magharibi ni haba mno katika vitabu vyao. Uhaba huu una sababu yake. Wageni walioandika habari za nchi walikaribishwa barazani, si jikoni, na mboga za majani hazikuwa chakula cha kumwandalia mgeni. Basi chakula kilicholiwa na watu wengi zaidi, kwa siku nyingi zaidi, ndicho kilichoandikwa kwa uchache kuliko vyote.

Neno lenyewe, mboga, ni kongwe kuliko miji ya pwani. Lapatikana, kwa umbo hilo au lililo karibu nalo, katika lugha nyingi za Kibantu: Wanyarwanda na Warundi husema imboga, Wakikuyu husema mboga. Walakini maana yake haikutulia mahali pamoja. Katika bara ya Tanzania, mboga ni kila kinacholiwa pamoja na ugali, hata nyama na samaki. Mtu aweza kuulizwa mboga ya leo ni nini, naye akajibu pasipo kukosea kwamba ni dagaa. Pwani aghalabu neno kitoweo ndilo lililotwaa kazi hiyo, na mboga ikabaki kwa majani na mazao ya bustani. Tofauti hii si ya maneno matupu. Yaelekea huko bara majani yalikuwa kitoweo cha siku nyingi hata jina lao likawa jina la vitoweo vyote, na nyama ilipopatikana iliingia katika neno hilo kama mpangaji aingiavyo katika nyumba ya mwenyeji.

Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari ya Zanji mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba wenyeji walikula ndizi, mtama, nazi, na mzizi mmoja uliochimbwa ardhini. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu na Kilwa mwaka 1331, alieleza kwa urefu zaidi. Mogadishu alipakuliwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando akawekewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya malimau na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. (Pilipili hiyo haikuwa hii nyekundu ijulikanayo leo, kwa kuwa mmea huo ulikuwa bado ng'ambo ya Atlantiki.) Aliona ajabu pia kwamba mtu mmoja wa Mogadishu hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao. Ushahidi wake ni wa thamani kubwa, lakini ni ushahidi wa mgeni wa sultani. Mboga hizo zilikuwa majani gani, nani aliyeyachuma, na mpishi mwenyewe alikula nini usiku ule, hakuandika.

Hata hivyo mimea yenyewe yatoa habari. Kunde, bamia, mumunye, mlenda, mgagani na baadhi ya aina za mnavu na mchicha ni wenyeji wa Afrika au wakazi wake wa zamani sana. Baada ya Wareno kuingia katika Bahari ya Hindi mwaka 1498, na katika karne zilizofuata, ilikuja mimea ya Amerika: mhogo, mahindi, viazi vitamu, maharagwe, karanga, maboga, nyanya, na pilipili kali. Ni vigumu sasa kuwaza mchuzi wa pwani usio na nyanya. Lakini wapishi wa Kilwa katika enzi ya fahari yake hawakupata kuiona hata moja.

Katika wageni hawa wote, mhogo ndio unaostahili kuangaliwa zaidi. Kwao Amerika ya Kusini hulimwa hasa kwa ajili ya mizizi, ijapokuwa kaskazini mwa Brazil majani nayo hupikwa. Katika Afrika majani yalipanda cheo. Pwani yakaitwa kisamvu, mashariki ya Kongo yakaitwa sombe, Rwanda isombe. Majina ni mbalimbali lakini kazi ni moja, nayo ni kazi ya hatari, maana jani la mhogo lina sumu. Ndani ya jani bichi mna kiini kilichotulia maadam jani ni zima. Likipondwa, kiini hicho hukutana na kimeng'enya kilichotengwa nacho, na hapo hutoka sianidi. Kutwanga huifungua sumu. Kuchemsha kwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi, huiondoa pamoja na mvuke. Mwanamke aliyesimama mbele ya kinu hakuwa na jina la sianidi, lakini mpango wake ulikuwa kamili: machipukizi machanga yalichumwa, yakatwangwa hata nyuzi zikalainika, yakachemshwa mpaka rangi ikageuka na harufu ya ubichi ikapotea, na ndipo nazi au karanga ilipotiwa. Elimu ya namna hii haipatikani kwa siku moja, na waliojifunza hawakuwa na nafasi ya kukosea mara nyingi.

Yaliyotokea mwaka 1981 katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, yaonyesha gharama ya kosa. Ukame ulikuwa mkali, na mihogo michungu ndiyo iliyobaki mashambani. Watu zaidi ya elfu moja, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo, kwa sababu njaa haikuwapa siku za kutosha za kuianika mihogo yao ipasavyo. Hiyo ilikuwa mizizi, si majani. Lakini sumu ni ile ile. Hawakuwa wajinga watu hao. Waliijua kazi yote, wakakosa muda.

Nazi ina elimu yake pia, ambayo haihusu uhai bali ladha. Hukunwa kwa mbuzi, hukamuliwa kwa kifumbu au kitambaa, na tui la kwanza, lile zito liitwalo kasimile, huwekwa kando. Mboga huivia katika tui jepesi la mkamuo wa pili. Zito hutiwa mwisho, na mwiko hauachi kuzunguka, ili lisikatike na kuacha mafuta juu na maji chini. Kitunguu kidogo, chumvi, labda ndimu: hivyo tu. Mchicha uliopikwa hivi hauna haja ya nyama, na anayedai kwamba ni chakula cha kujinyima pengine hakupata kuupakua kwa mpishi ajuaye kazi.

Lakini nazi ni mali ya pwani. Ugogo, ambako mvua ni chache na kiangazi ni kirefu, jikoni pana hekima nyingine. Majani ya mlenda huchumwa wakati wa mvua, hukaushwa, hutwangwa yakawa unga, na kuhifadhiwa. Miezi ya ukame ifikapo, kiasi kidogo hutiwa katika maji yanayochemka, pamoja na karanga zilizosagwa iwapo zipo, na ugali hupata cha kuuteremsha. Nchi hiyo ndiyo iliyopatwa na njaa iitwayo Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Halafu mvua ikakosa. Watu wengi sana walikufa, na waliobaki walijishikiza kwa vyakula vya porini. Vitabu huitaja Mtunya kama sura ya vita, na ni haki. Walakini ni sura ya mboga vilevile, kwa kuwa ghala zilipokuwa tupu, ujuzi wa majani haukuweza kutwaliwa na jeshi lolote.

Dharau ilikuja kwa njia ya polepole. Bustani za wazungu zilileta kabichi, karoti, na majani ambayo wafanyakazi wa miji ya Kenya waliyaita sukuma wiki, kwa kuwa yalisukuma siku zilizobaki kabla ya mshahara. Hapana ubaya katika mboga hizo. Ubaya ulikuwa kwamba mgagani na mchicha viliingizwa na vitabu vya kilimo vya Kiingereza katika orodha ya magugu, na mtoto aliyesoma akaona haya kuonekana akivichuma.

Baada ya uhuru palitokea juhudi za kurekebisha mambo. Tanzania ilianzisha Taasisi ya Chakula na Lishe mwaka 1973, na mwaka 1975 redio ilieneza kampeni ya Chakula ni Uhai. Mwaka 1992 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilifungua tawi lake la Afrika mjini Arusha, na mbegu za mnavu na mgagani zikakusanywa kwa heshima iliyokuwa ikipewa mahindi. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili. Mgagani, ambao Wajaluo huuita dek, sasa huuzwa madukani karibu na kabichi, na wakati mwingine kwa bei iliyo kubwa zaidi.

Kinu, kwa upande wake, kimehama. Katika masoko ya Dar es Salaam kisamvu huuzwa kikiwa tayari kimetwangwa au kusagwa kwa mashine, na mnunuzi hukichukua mfukoni akaenda zake. Nusu ya kazi ya zamani imefanywa na mtu asiyemjua. Nusu ya pili, ile ya kuchemsha, yangoja nyumbani, ambako mkaa ni ghali na watoto wanasikia njaa. Wanawake wazee wanaponunua huuliza kimetwangwa lini na kama kimekwisha chemshwa. Vijana huuliza bei.