Jibu kwa Mwananchi: Kipimo cha Ushirikishwaji wa Kidijitali Jijini Eldoret

Limezoeleka dai kwamba wananchi wa Kenya hawashiriki utawala kwa sababu vikao viko mbali, na kwamba simu itaziba pengo hilo. Makala hii inalipinga. Mkazi wa maeneo kama Moiben au Kesses, nje ya katikati ya Eldoret, anayetuma maoni kwa simu ameokoa nauli. Bado hajapata wa kumjibu.

Kwamba ushirikishwaji ni haki, hakuna anayebisha. Katiba ya 2010 inauweka katika kifungu cha 10, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataja majukwaa ya teknolojia ya habari mwanzoni mwa orodha ya njia zake. Mzozo uko kwenye kinachofuata maoni yakishapokelewa. Oktoba 2024, ilipoihalalisha tena Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama ya Juu ilisema Bunge halina wajibu wa wazi wa kuandika sababu za kukubali au kukataa mapendekezo ya umma, ingawa kufanya hivyo ni desturi njema. Naliona hilo kuwa pengo kubwa. Vijana walioujadili Mswada wa Fedha wa 2024 mtandaoni, kipengele kwa kipengele, hawakukosa jukwaa. Pendekezo la kodi ya mkate liliondolewa Juni 18, lakini mengi waliyoyahoji yalibaki bila maelezo, na Juni 25 barabara zikajaa waandamanaji, za Eldoret zikiwemo.

Eldoret ina msingi ambao Bunge halina. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 kinawapa wakazi mabaraza ya kujadili huduma na kuwafuatilia viongozi. Kisha kinamtaka meneja wa mji au jiji atoe ripoti ya uamuzi uliofikiwa kuhusu kila ombi la baraza, pamoja na sababu zake. Hapa sababu si hisani, ni sharti. Sheria hiyo iliihusu Eldoret hata ilipokuwa manispaa. Tangu ipewe hadhi ya jiji Agosti 15, 2024, hakuna kisingizio kilichobaki cha kulikwepa sharti hilo.

Kazi ya teknolojia, basi, ni kulitekeleza sharti hilo hadharani. Kila ombi lipewe namba, kama muamala wa M-Pesa, ili mwenye ombi na jirani yake waone limefika kwa nani, limeamuliwa lini na kwa nini.

Watasema wengi hawana intaneti. Kweli: sensa ya 2019 ilikuta asilimia 22.6 tu ya Wakenya wa miaka mitatu na zaidi wakiitumia. Lakini pingamizi hilo linagusa njia ya kufikisha jibu, haligusi wajibu wa kulitoa. Jibu lililokwisha kuandikwa linaweza kusomwa redioni na kubandikwa kwenye ofisi ya wadi. Wala sidai kwamba ripoti itampa ushindi kila mlalamikaji. Huenda wengi wakajibiwa kwamba fedha hazipo. Hata hivyo, watajua ni nani aliyeamua hivyo, na baraza litaweza kumwita ajieleze. Bodi ya jiji inaweza kuanza na maombi yanayohusu bajeti, ambayo yana tarehe za kisheria na hayawezi kusubiri.